Kufundishwa Kuogopa Bila Kukimbia: Tathmini ya Tiba ya Mazungumzo kwa Mashambulio ya Hofu

Huduma ninayoitathmini hapa ni tiba ya mazungumzo kwa mtu anayesumbuliwa na mashambulio ya hofu, niliyoipata katika kituo binafsi cha ushauri nasaha jijini Dar es Salaam, kikao kimoja kila wiki kwa miezi kadhaa. Kituo chenyewe sitakitaja jina, kwa sababu nitakayoyasema yana sifa na lawama, na kwa sababu msomaji aliyeko Mwanza, Mombasa au Muscat hatafaidika na jina la jengo lililoko Dar es Salaam. Atafaidika akijua huduma nzuri ya aina hii huwa na nini ndani yake, ili aitambue atakapoikuta. Uamuzi wangu nautoa mapema: tiba hii inafanya kazi, ina gharama, na haifanani hata kidogo na kile ambacho wengi wetu hukitarajia tunapoambiwa twende kwa mshauri. Tunatarajia kutulizwa. Mimi nililipa ili nifundishwe kuogopa bila kukimbia, na hicho ndicho kilichostahili fedha zangu.

Kwa asiyeijua hali yenyewe, shambulio la hofu huja ghafla, mara nyingi bila sababu inayoonekana. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi, jasho linatoka, kichwa kinakuwa chepesi, na mtu anaamini kabisa kwamba anakufa, anarukwa na akili au yuko karibu kuanguka mbele za watu. Kilele chake hufikiwa ndani ya dakika chache, kisha dalili hupungua zenyewe, ingawa uchovu wake unaweza kubaki hadi jioni. Shambulio moja peke yake si ugonjwa, na wako wengi wanaolipata mara moja maishani likapita. Maradhi huanza pale mtu anapoishi kwa kulihofia lijalo, akabadili njia zake, ratiba yake na shughuli zake ili lisimkute. Mimi lilinianza asubuhi ndani ya basi la mwendokasi, kati ya Ubungo na Magomeni, na haukupita muda mrefu nikawa sipandi tena mabasi hayo, siingii benki yenye foleni, na kanisani sikai popote isipokuwa benchi la mwisho karibu na mlango.

Nilianzia hospitali, na yeyote anayepatwa na dalili hizo kwa mara ya kwanza ninamsihi aanzie huko huko, kwa sababu moyo kwenda mbio na pumzi kukatika huweza pia kutokana na ugonjwa wa moyo, pumu, upungufu wa damu, sukari kushuka au tezi ya thairoidi kufanya kazi kupita kiasi. Nilipimwa moyo kwa ECG, nikapimwa damu, na kila kitu kikaonekana kiko sawa. Hapo ndipo huduma ya kawaida ya afya inapofika ukingoni, kwa maana mgonjwa huambiwa hana kitu ilhali yeye anajua kwamba anacho. Nilirudi nyumbani na vidonge vya diazepamu. Vilinituliza siku nilizovimeza, na utulivu huo ndio ulionitia mashaka baadaye, kwani niligundua kwamba nikivisahau nyumbani siwezi kwenda hata sokoni. Mwongozo wa mwaka 2011 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayopendekeza tiba zitakazotumika huko, unasema wazi kwamba dawa za kutuliza za kundi la diazepamu zisitumike kutibu maradhi ya mashambulio ya hofu, kwa kuwa matokeo yake ya muda mrefu si mazuri. Badala yake unapendekeza tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo na mazoezi ya kubadili namna mtu anavyofikiri na anavyotenda, ya jumla ya saa 7 hadi 14, ikamilike ndani ya miezi 4.

Saa hizo ni chache kuliko watu wanavyodhani, na ni vizuri kuzikumbuka, kwa sababu ndizo kipimo cha kwanza cha huduma yoyote ya aina hii. Kabla ya kituo hiki nilipitia kwa mshauri mwingine, ambaye nafasi yake katika tathmini hii ni fupi. Alikuwa mtu mwema, msikilizaji, mwenye sauti ya upole. Kila kikao nilimsimulia wiki yangu, naye akanishauri nipunguze mawazo, nisamehe walionikosea, nifanye mazoezi na nipumzike. Nilitoka kwake kila mara nimepungukiwa na mzigo, na shambulio lililofuata likanikuta vile vile. Sisemi kwamba kusikilizwa hakuna thamani. Mtu aliyefiwa au aliyeachwa huenda hilo ndilo hasa analolihitaji. Lakini mashambulio ya hofu yana utaratibu wake, na mshauri asiyeujua utaratibu huo anaweza kukutunza mwaka mzima bila kukutibu.

Katika kituo ninachokitathmini tofauti ilionekana tangu saa ya kwanza. Mwanasaikolojia, mama wa makamo aliyesomea saikolojia tiba, hakuanza na habari za utotoni mwangu wala za ndoa yangu. Aliniomba nilirudie shambulio la karibuni hatua kwa hatua: nilikuwa wapi, mwili ulianza kufanya nini, nilidhani nini kinatokea, na baada ya kudhani hivyo nilifanya nini. Aliyaandika maneno yangu mwenyewe kwenye karatasi, na alipomaliza kuyaunganisha kwa mishale yalikuwa yamekuwa duara. Moyo ulidunda kidogo kwa sababu ya joto na msongamano; nikadhani ni moyo unasimama; kwa kudhani hivyo nikaogopa; kwa kuogopa moyo ukadunda zaidi; na kudunda huko nikakuchukua kuwa ushahidi kwamba nilikuwa nimedhani sawasawa. Nimesoma maelezo mengi kuhusu hofu, lakini hakuna lililonifaa kama karatasi ile moja iliyokuwa na maneno yangu.

Maelezo hayo hakuyatunga yeye, wala hakudai hivyo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza David M. Clark alichapisha makala iliyoeleza kwamba kiini cha mashambulio ya hofu ni kuzitafsiri hisia za kawaida za mwili kuwa dalili za maafa yanayokaribia. Kutokana na wazo hilo ilijengwa tiba ambayo haipambani na hisia zenyewe bali na tafsiri yake. Mshauri wangu alinieleza pia, bila haraka, yanayotokea mwilini. Mtu anapopumua haraka kuliko mwili wake unavyohitaji hutoa kaboni dioksidi nyingi mno, na upungufu wake katika damu ndio unaoleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na ile hisia ya ajabu kwamba hewa haitoshi wakati oksijeni ipo tele. Kuhusu kuzimia, ambako ndiko nilikokuogopa kuliko kifo, alinieleza kwamba mtu huzimia shinikizo la damu linaposhuka, ilhali wakati wa hofu kwa kawaida hupanda; ndiyo maana wenye mashambulio haya huhisi wataanguka tena na tena na ni nadra sana kuanguka.

Kujua hayo kulinisaidia kwa siku mbili tatu tu. Hapa ndipo huduma nyingi huishia, yaani katika kumweleza mteja, kumpa kipeperushi na kumfundisha kupumua polepole. Kilichoitofautisha huduma hii kilitokea katika kikao cha baadaye, pale mshauri alipovisogeza viti na kuniambia kwamba leo tutazileta dalili kwa makusudi. Nilikataa. Hakunilazimisha, lakini hakuliacha jambo hilo pia. Alihakikisha kwanza kutoka kwenye cheti changu cha hospitali kwamba sina pumu, kifafa, maradhi ya moyo wala ujauzito, kwa sababu mwenye hali hizo hapewi zoezi hilo bila daktari wake kuridhia. Kisha akauliza, "Dada, tukipumua kwa nguvu kwa dakika moja, unatabiri nini kitatokea?" Nikamjibu kwamba nitaanguka. "Unaamini hivyo kwa asilimia ngapi?" Tisini. "Haya, tuandike tisini."

Akaandika, akakaa mbele yangu, akaanza kupumua kwa nguvu pamoja nami. Jambo hilo dogo ninalihesabu kuwa miongoni mwa mambo bora niliyoyalipia, kwa sababu nilimwona yeye mwenyewe akishika kiti kwa kizunguzungu, akacheka, akatikisa vidole vyake vilivyoingia ganzi. Dalili zilizokuja kwangu zilikuwa zile zile za ndani ya basi, moja baada ya nyingine, isipokuwa kwamba hapakuwa na maafa mwishoni mwake. Tulirudia. Tulikimbia pale pale tuliposimama mpaka mioyo ikadunda, tukapumua kupitia mrija mwembamba wa kunywea soda, tukazunguka kwenye kiti cha ofisini. Kila mara aliuliza asilimia, na kila mara namba ilishuka bila yeye kunibembeleza ishuke. Nyumbani niliagizwa nirudie peke yangu kila siku, nikaandika nilichotabiri na kilichotokea. Majirani walionisikia nikikimbia chumbani usiku walikuwa na maswali yao, na sikuyajibu.

Jambo la pili ambalo huduma hii ilifanya vizuri ni kuzifichua njia zangu za kujilinda. Nilikuwa natembea na chupa ya maji, nabonyeza mshipa wa shingo kuhesabu mapigo, nashika simu mkononi ikiwa na namba ya dada yangu tayari, na pochi yangu haikukosa kidonge hata kama sikukimeza. Mshauri alinieleza kwamba kila ninapotoka salama, sifa anapewa chupa, simu au kidonge, na akili haipati nafasi ya kujifunza kwamba hatari haikuwapo tangu mwanzo. Tuliviacha kimoja kimoja. Chupa ya maji ndiyo iliyonisumbua zaidi, jambo ambalo sikulitarajia, kwa kuwa katika joto la Dar es Salaam hakuna anayemshangaa mtu mwenye chupa ya maji, na kwa hiyo nilikuwa na kisingizio kizuri kila siku.

Suala la sala lilihitaji uangalifu mkubwa, nami nililisubiri kwa hofu, kwani nilikuwa nimesikia kwamba wanasaikolojia hudharau dini. Shambulio lilipokuja nilikuwa narudia zaburi moja kimoyomoyo bila kukoma mpaka lipite. Mshauri hakuigusa imani yangu. Aliuliza tu kama ninasali kwa sababu ninataka kusali, au ninarudia maneno ili moyo usisimame. Swali hilo sikulijibu siku ile. Tulikubaliana kwamba sala ya asubuhi na ya jioni ibaki kama ilivyo, na kwamba ndani ya basi nisiyatumie maneno matakatifu kama kidonge. Ninaamini kwamba Mwislamu anayerudia nyiradi kwa namna hiyo angehitaji mazungumzo yale yale, na mshauri asiyeweza kuyafanya kwa heshima hafai katika ukanda wetu huu, hata awe na shahada ngapi ukutani.

Kisha tukaja kwenye basi lenyewe. Kazi hii hupangwa kwa ngazi, kutoka kinachoogopesha kidogo hadi kinachoogopesha sana, na ngazi yangu niliiandika mwenyewe. Ya chini kabisa ilikuwa kusimama kituoni Kimara nikitazama mabasi yakipakia. Iliyofuata ilikuwa kusafiri vituo vichache, kutoka Fire hadi Kisutu, saa za mchana ambapo kuna nafasi. Baadaye ikaja Kimara hadi Ubungo, baadaye Kimara hadi Kivukoni nikiwa nimekaa, na ya juu kabisa ilikuwa njia nzima saa moja na nusu asubuhi, nimesimama katikati mbali na mlango, bila maji wala simu mkononi. Kanuni ilikuwa moja: nisishuke kwa sababu ya hofu, na nisijitahidi kuifukuza. Niikaribishe, niitazame inavyopanda, nione itafanya nini. Mara ya kwanza kati ya Manzese na Magomeni hofu ilipanda mpaka nikadhani nguo zangu zinaonekana zikitikisika. Kijana aliyekuwa ameegemea bega langu aliendelea kutazama mpira kwenye simu yake. Hofu ikashuka yenyewe kabla hatujafika Jangwani, na kesho yake ilianza ikiwa chini zaidi.

Ninapenda kulisema hili kwa uwazi, kwa kuwa wengi waliojaribu njia hiyo peke yao huniambia kwamba mbona wao hupanda daladala kila siku na hofu haiishi. Kupanda peke yake hakutoshi. Anayepanda huku ameshika mlango, amefumba macho na kuhesabu vituo anatoroka akiwa ndani ya gari. Mwongozaji mzuri ndiye anayekuonyesha unatorokea wapi, na hapo ndipo fedha inapokwenda.

Hata zoezi la kupumua polepole, linalofundishwa kila mahali, mshauri wangu alilipa nafasi ndogo. Nilifundishwa, na nalitumia ninapotaka kulala. Wakati wa shambulio alinikataza nisilikimbilie, kwa sababu lingekuwa chupa nyingine ya maji. Najua kwamba wapo wataalamu wenye maoni tofauti kuhusu hilo, na kwa mtu ambaye hawezi kumpata mwanasaikolojia kabisa, kutoa pumzi taratibu ni bora kuliko kukosa la kufanya. Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu aliniomba nivipunguze mwanzoni, maana kafeini huweza kuchochea mashambulio. Tiba ilipokaribia mwisho alinirudisha kwenye kahawa kwa makusudi, ili nisije nikaishi nikiiogopa nayo.

Upande ambao huduma hii haikunifaa vya kutosha ni wasiwasi wa kila siku, ambao ni jambo tofauti na shambulio. Shambulio huja na kupita. Wasiwasi hukaa: ada ya shule, kodi ya nyumba, mzazi anayezeeka kijijini, kazi isiyo na mkataba. Hapo nilipewa mbinu ya kutenga muda maalumu wa jioni wa kuandika yanayonisumbua, kuyatenga yenye hatua ya kuchukua na yasiyo na hatua, na kuahirisha mengine yote hadi saa hiyo ifike. Mbinu hiyo ilinipunguzia kukesha. Haikulipa kodi. Kwa maoni yangu mtu ambaye hofu yake inatokana zaidi na dhiki halisi angefaidika zaidi na mpango uliotungwa kwa ajili ya shida za namna hiyo, kama ule wa Shirika la Afya Duniani unaojulikana kama PM+, ambao una vikao 5 vya dakika 90, unaweza kutolewa na mhudumu wa jamii aliyefunzwa, na humsaidia mtu kukabili shida moja moja, kurudi kwenye shughuli zake na kutafuta watu wa kumshika mkono. Mpango huo ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliokuwa wamepitia ukatili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Kuhusu dawa, mshauri huyu hakuzipiga vita. Alinieleza kwamba zipo dawa, kama vile setralini, ambazo si za kutuliza papo hapo, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo siku za mwanzo, na huwafaa wengi, hasa wale ambao hofu imechanganyika na sonona. Yeye mwenyewe haandiki dawa, kwa hiyo alinielekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili ili kuiacha diazepamu, ambayo huachwa kwa kupunguzwa taratibu chini ya uangalizi, wala haikatizwi ghafla. Mshauri anayekuambia utupe vidonge vyako leo, nakushauri umkimbie.

Sasa nije kwenye mambo ya ofisini, ambako alama zinashuka. Ada ya kikao ilikaribia matumizi ya chakula cha wiki nzima nyumbani kwangu, ililipwa kabla ya kikao, na sikupewa nafuu yoyote kwa kulipia vikao vingi pamoja. Ukiahirisha kikao siku ile ile unalipa yote. Naielewa sheria hiyo, lakini katika jiji ambalo mvua ya asubuhi moja hufunga barabara, ilihitaji huruma kidogo. Mapokezi walituita kwa majina kamili mbele ya watu waliokuwa wakisubiri, jambo lisilovumilika katika kituo cha namna hii, na waliacha kuniita hivyo baada ya mimi kulalamika, ingawa wengine waliendelea kuitwa. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi cha kusikia kikohozi cha chumba cha pili. Sikusikia maneno ya mtu, lakini muda wote nilijiuliza kama yangu yanasikika.

Lawama yangu kubwa zaidi ni karatasi za Kiingereza. Kila baada ya vikao vichache nilijaza dodoso la GAD-7, ambalo lilitolewa mwaka 2006, lina maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake huanzia 0 hadi 21, ambapo 10 na kuendelea huashiria wasiwasi unaostahili kuchunguzwa zaidi. Kipimo chenyewe nakisifu, kwani kilinionyesha maendeleo siku ambazo mimi mwenyewe sikuyaona, na mshauri asiyepima chochote hana njia ya kujua kama anasaidia. Lakini tafsiri yake ya Kiswahili ipo na imetumika katika utafiti huko Kilifi, pwani ya Kenya. Kituo kilicho katikati ya Dar es Salaam, ambacho wateja wake hulia, hucheka na kusali kwa Kiswahili, hakina sababu ya kuwapa fomu ya lugha nyingine na kumwachia mtu wa mapokezi kazi ya kuwafasiria kwa sauti.

Kikao kimoja nilikifanya kwa simu ya video nikiwa safarini, nami nikaridhika nacho kwa sehemu ya mazungumzo. Najua Waswahili wengi walioko Oman na Qatar, hasa kina dada wanaofanya kazi majumbani, hutafuta msaada kwa njia hiyo kwa sababu huko hawampati mtu wa kuwasikiliza kwa lugha yao. Kwao ningetilia mkazo faragha kabla ya jambo jingine lolote, maana aliye katika nyumba ya mwajiri hawezi kufanya zoezi la kupumua kwa nguvu bila kuulizwa anaumwa nini. Mazoezi ya nje yanawezekana pia kwa mbali, mteja akiwa na simu sikioni katika hatua za mwanzo, halafu bila simu.

Asiyeweza kumudu ada binafsi asidhani kwamba mlango umefungwa. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, Dodoma kuna Hospitali ya Mirembe, Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari na Mombasa kuna Port Reitz. Majina hayo yana sifa mbaya midomoni mwa watu, na sifa hiyo ndiyo huwazuia wengi wenye hofu tu, ambao wangetibiwa kama wagonjwa wa nje na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kuna pia njia ya Zimbabwe ya madawati ya urafiki, iliyoasisiwa na daktari Dixon Chibanda, ambapo bibi waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi la zahanati. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016, ukiwa na washiriki 573, ulionyesha dalili za msongo, sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kwa waliopata huduma hiyo, na wazo lenyewe limefika Malawi na Zanzibar. Sidhani kwamba bibi wa benchi atakufundisha kuzunguka kwenye kiti. Kwa wasiwasi wa kodi na ada, hata hivyo, huenda akakufaa kuliko mwanasaikolojia wangu.

Kwa anayetaka kulipia huduma kama niliyoipata, nashauri apige simu kwanza, kabla ya kutoa hata shilingi, na aulize mshauri amesomea nini na amesajiliwa wapi. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo huko swali la usajili lina jibu la wazi. Aulize pia wanatibu vipi mashambulio ya hofu. Akijibiwa kwamba watamsaidia kupunguza mawazo na kutulia, aendelee kutafuta. Akijibiwa kwamba kutakuwa na kazi ya nyumbani, kwamba watatoka naye ofisini au watampa mazoezi ya kwenda mahali anapopaogopa, na kwamba wanatarajia kumaliza ndani ya miezi michache, hapo aulize bei.

Kituo changu ninakipa alama nne kati ya tano kwa tiba na mbili kwa mapokezi. Katika kikao cha mwisho mshauri aliniandikisha ukurasa mmoja wa mambo ya kufanya hofu ikirudi, kwa kuwa alitarajia itarudi siku moja nikiwa nimechoka, naumwa au nimefiwa, na akaniambia kwamba siku hiyo nisianze kukwepa basi hata kwa asubuhi moja. Vikao vya kukumbushana hutolewa kwa nusu ya ada ndani ya mwaka wa kwanza, lakini sharti uulize mwenyewe, kwa sababu mapokezi hawakuambii.